Mpiga Picha za Moto

Mpiga picha mmoja wa mtaa wa Elerai, nyumba ikiwaka usiku, hufika kabla ya zimamoto. Hufuta kioo cha kamera kwa pindo la shati, huwaamkia wakubwa kwa sauti ya kanisani, ndipo huanza kuwapanga watu. Jiko la Mzee Gerson liliposhika moto, ukakimbilia banda la ng'ombe wake wa pekee, alimkuta mzee akimwaga maji.

"Shikamoo, babu. Pole sana. Mwaga tena, hiyo picha imetoka na ukungu."

"Marahaba. Shika ndoo, ng'ombe wangu ataungua!"

"Mikono ina kazi, babu."

Mzee akajitosa bandani, akatoka anakohoa, anamvuta ng'ombe kwa kamba.

"Babu, hukuangalia huku. Mrudishe kidogo."

Mzee akamkabidhi kamba. "Mrudishe wewe, mjukuu wangu. Kamera lete kwangu."