Picha Mbili za Mgongo wa Darcy Tunstead

Darcy Tunstead alikuwa mnyoa kondoo tangu alipoacha shule, kama baba yake. Huko Hay, mji mdogo wa Australia, kwenye tambarare ambako hata kichuguu huonekana mlima, hakuna aliyewahi kumwona amekaa chini kabla ya kengele ya chai. Hakuwa hodari kuliko wote. Wes Paratene, Mmaori kutoka New Zealand aliyesimama kwenye mashine ya kunyolea jirani na yake kwa miaka mingi, alimshinda karibu kila siku na kumkejeli kila siku. Lakini kondoo wa Darcy walitoka safi, hawana hata mchubuko, na wenye mashamba walimwomba arudi kila msimu.

Mgongo ulimuuma, ndiyo. Nani katika kazi ile haumwi mgongo? Mtu anainama kutwa nzima, kambana mnyama mwenye uzito wa mkewe, mnyama asiyetaka kunyolewa. Jioni wananyoosha viungo mlangoni, wanakunywa bia, wanalala. Kesho wanaanza upya.

Asubuhi moja ya Agosti, alipokuwa akimburuta dume mkaidi kutoka zizini, kitu kilimshika kiunoni. Akajikuta kapiga magoti kwenye mbao zinazoteleza kwa mafuta ya manyoya, mbele hawezi, nyuma hawezi, na dume lile limesimama linamtazama.

"Inuka, mzee. Usimwombe kondoo msamaha," Wes alisema. Kisha akamwona uso, akazima mashine yake.

Daktari wa mjini, mtu mwema lakini mwenye haraka, alimtuma mji wa Griffith akapigwe picha ya ndani ya mgongo. Darcy akalazwa kwenye bomba la mashine inayogonga kama fundi wa mabati. Majibu yalipofika, daktari alimgeuzia kioo cha kompyuta.

"Unaviona hivi visahani katikati ya pingili? Hiki kimekauka. Hiki cha chini kimetokeza nje, kimeusogelea mshipa wa fahamu. Huu ni mgongo wa mtu wa miaka themanini, bwana Tunstead."

Darcy hakuwa ametimiza hata hamsini.

"Sasa nifanyeje?"

"Usiinue vitu vizito. Usiiname ovyo. Ukiumia tena hapo…" Daktari hakumaliza. Darcy aliimaliza sentensi ile mwenyewe, njia nzima ya kurudi nyumbani.

Tangu siku hiyo akawa mlinzi wa mgongo wake. Noelene, mkewe, ndiye aliyepasua kuni. Noelene ndiye aliyembeba mbwa kumpandisha kwenye pikapu, maana mbwa naye alikuwa amezeeka. Darcy alivaa mkanda mpana kiunoni, akakaa kwa tahadhari, akasimama kwa tahadhari, akaacha hata kwenda kuvua samaki mtoni kwa sababu ya ule ukingo wenye mteremko. Na kadiri alivyojilinda ndivyo alivyozidi kuumwa. Zamani aliumwa akiinama. Sasa aliumwa akikaa, akilala, akipiga chafya.

Picha ile aliihifadhi kwenye simu. Katika mji kama ule, mwanamume mwenye mikono miwili anayeshinda nyumbani husemwa, na Darcy alilijua hilo, maana zamani alikuwa miongoni mwa wasemaji. Kwa hiyo mtu akimuuliza tu hali, alitoa simu. "Tazama mwenyewe," alisema. "Hapo chini, panapotokeza." Watu walitikisa kichwa kwa huruma, ingawa wengi hawakuona chochote zaidi ya vivuli.

Mwaka wa pili Wes alianguka na pikipiki ya magurudumu manne akifukuza mbuzi mwitu. Hospitali wakampiga picha mwili mzima, wakihofia kavunjika. Siku chache baadaye akaja kwa Darcy, mkono kautundika shingoni.

"Sikuvunjika," alisema, akivuta kiti. "Ila mgongo wangu, kaka, ni takataka. Visahani vitatu vimetokeza, viwili vimekauka kabisa. Nesi kaniuliza natembeaje."

"Vitatu?"

"Vitatu. Nimekushinda hata hapo."

Darcy hakucheka. "Na unaumwa kiasi gani?"

"Bega tu. Niliangukia bega."

"Nimekuuliza mgongo."

"Mgongo?" Wes akafikiri, akajipapasa nyuma kama anayetafuta pochi. "Ukiniuma, ni ule uchovu wa jioni tu. Nikioga unaisha. Asubuhi ya siku niliyoanguka nilikuwa nanyoa."

"Unanitania."

"Nikutanie kwa nini?"

Darcy aliinuka, akatoka nje, akasimama karibu na tangi la maji hadi Wes alipoondoka. Hakumkasirikia Wes. Hakujua amkasirikie nani. Kama visahani vitatu havimuumi yule, hiki kimoja kilikuwa kinamfanya nini yeye muda wote huu?

Akaamua kwamba chake lazima kiwe kimeharibika zaidi tangu picha ya kwanza. Alimng'ang'ania daktari hadi akatumwa Griffith tena, na moyoni, ingawa hakumwambia Noelene, aliomba picha itoke mbaya.

Daktari alimpokea akitabasamu. "Habari njema. Kile kilichokuwa kimetokeza kimerudi ndani. Inatokea, mwili hukila wenyewe. Mshipa uko huru kabisa."

"Mara ya kwanza nilikuja hapa naumwa nikiinama. Leo naumwa nikivaa soksi. Ndiyo unaniambia nimepona?"

"Sijasema umepona. Nimesema picha imekuwa nzuri."

"Basi ivalishe picha soksi."

Nyumbani aliitupa bahasha ya majibu mezani. Noelene aliyasoma, akayaweka chini.

"Na wewe sema," Darcy alimwambia. "Sema najifanya."

"Hujifanyi. Nakusikia unavyougulia ukigeuka kitandani." Alikuwa na kibanzi cha kuni kidoleni, anakichomoa kwa meno. "Ila nimechoka, Darcy. Miaka miwili tumeishi na picha hii kama mama mkwe ndani ya nyumba. Nenda kwa yule dada anayekuja Alhamisi."

Dada wa Alhamisi alikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo, Ruwani, mzaliwa wa Sri Lanka aliyezunguka miji ya tambarare kwa gari lake. Darcy alimpa simu kabla ya salamu. Yeye akairudisha.

"Nimesoma majibu yote mawili," alisema. "Nikiwakusanya watu wa umri wako hapa Hay wasioumwa kabisa, nikawapiga picha, wengi watakutwa na visahani kama vyako. Ni kama mvi. Wakati mwingine kisahani ndicho chenye makosa kweli. Mara nyingi picha haisemi."

"Kwa hiyo maumivu yangu ni ya kufikirika."

"Hapana. Unaumwa, nakuona. Nasema tu picha haitoshi kueleza kwa nini."

"Sasa ni nini kinachoniuma?"

"Sijui kwa hakika."

Nusura Darcy aondoke. Miaka miwili, mabomba mawili, halafu sijui. Lakini Ruwani alikuwa ameshaweka ndoo ya mchanga miguuni pake. "Inua," alisema. "Itauma. Haitavunja kitu."

Aliinua. Iliuma hadi macho yakamlengalenga, na woga ukamlemea kuliko uzito. Akaiweka chini. Alikuwa bado amesimama.

Haikuwa dawa ya maajabu. Alirudi kila Alhamisi, akanung'unika kila Alhamisi. Baadaye akarudi kwenye banda la kunyolea, kwanza akafagia manyoya, kisha akanyoa nusu siku. Kuna juma alilonyoa bila shida asijue kwa nini, na juma lililomlaza chali asijue kwa nini pia. Siku nzima hakuimudu tena. Kuni alipasua mwenyewe, polepole, akitukana.

Jioni moja alikutana na daktari kwenye duka la nyama. Daktari akamuuliza mgongo unaendeleaje.

"Unauma," Darcy alisema. "Nataka kukuomba kitu. Mtu mwingine akija, usimwambie ana mgongo wa miaka themanini."

"Nilisoma kilichokuwapo tu, Darcy."

"Najua. Mimi nikakaa ndani misimu miwili."

Daktari akasema atalifikiria. Darcy akachukua nyama yake ya mbavu na kutoka, kashika kiuno, maana saa ile ya jioni kwa kawaida ndipo mgongo ulipoanza kumuuma.