Nilipounyima Mwili kwa Ajili ya Gauni

Nakumbuka siku moja ya Julai, ukungu umejaa bondeni, nimekaa chini katikati ya njia ya msituni juu ya mji wetu mdogo wa Soni, mzigo wa kuni pembeni. Sikuanguka. Miguu tu ilikataa. Shangazi Ruti, dada yake baba, alikuwa mbele yangu, mtu mzima wa miaka sitini, na kuni zake zilikuwa nyingi kuliko zangu. Aligeuka akanitazama, wala hakucheka. Ningefurahi kama angecheka.

Mwanangu, nikueleze nilifikaje pale chini. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa, maduka yamejaa tena. Mimi niliyezoea kupanda na kushuka milima na tenga la kabichi kichwani, nikapata kazi ya kuuza duka Soni. Mwaka mzima nikakalia stuli, andazi mkono huu, soda mkono ule. Nikanenepa, na kusema kweli nilijipenda. Kisha nikachumbiwa. Siku ya gulio, belo la mitumba likafunguliwa nikaona gauni jeupe la harusi, jembamba ajabu. Nililinunua bila kulijaribu, nisije nikawahiwa. Nyumbani likagoma kiunoni.

Basi nikaamua kupungua. Asubuhi chai ya rangi, jioni kabichi ya kuchemsha, mchana nameza mate. Wiki za mwanzo nilipungua upesi, nikatamba. Halafu mwili ukasimama, haupungui tena. Kwa hasira nikaacha hata kabichi. Nikawa nasikia baridi hata nikikaa jikoni, nywele zinabaki kwenye kitana, na miezi miwili ikapita sijaona siku zangu. Hilo la mwisho nililificha. Mchumba wangu alikuwa na hamu kubwa ya watoto, nami niliogopa sana.

Shangazi aliwahi kuhudumu zahanati. Pale njiani aliniuliza bila kuzunguka, "Siku zako unaziona?" Nikaanza kulia. Akatua kuni zake, akakaa kando yangu kwenye majani yenye umande.

"Lori likipanda mlima kutoka Mombo kule chini na shehena, linakunywa dizeli nyingi," akasema. "Likipanda tupu, linakunywa kidogo. Nawe umepungua, kwa hiyo mwili wako unahitaji chakula kidogo kuliko ulipokuwa mnene. Ndiyo maana uzito umesimama. Lakini umezidi kuunyima, nao umeanza kubana matumizi. Mwili umepunguza joto, umepunguza nguvu, na mambo ya uzazi umeyaweka kando. Haukukomoi, mwanangu. Unakulinda usife."

"Na gauni, shangazi?"

"Gauni tutalikata. Wewe tutakukata wapi?"

Jioni ile alinipikia ugali na maharage, akanisimamia mpaka nikamaliza sahani. Uzito ulirudi mbio, sikufichi, maana mwili ulikuwa umezoea kutumia kidogo na kila tonge unaliweka akiba. Nikataka kuacha kula tena. Akanikaripia, akaniambia nirudi kubeba matenga na kupanda mlima kwa miguu, huku nakula nikashiba.

Ilichukua muda. Nilifunga ndoa siku zangu hazijarudi, gauni limetiwa vipande ubavuni kutoka shuka la shangazi, nami natabasamu na hofu tele. Wiki ile ile nilimweleza mume wangu ukweli. Akasema, "Tutangoja." Siku zangu zilirudi tukiwa tunapalilia maharage. Nikatupa jembe, nikakimbia mpaka kwa shangazi nikipiga vigelegele, majirani wakadhani nimepagawa.

Nakusimulia haya kwa sababu nimekuona unavyosukuma sahani tangu juzi. Ukitaka kupungua, pungua polepole. Kula, tembea, beba vitu, lala usingizi wa kutosha. Uzito ukisimama usijilaumu wala usijikomoe kwa njaa. Mwili uliopungua unatumia kidogo, na ukiunyima utatumia kidogo zaidi. Na ukisikia baridi isiyoisha, uchovu, au siku zikapotea, usifiche nilivyoficha mimi. Niambie, twende zahanati pamoja.

Mungu aubariki mwili huo aliokupa, aupe joto na nguvu, ukubebe mpaka uzeeke kuliko mimi. Amina. Sasa vuta sahani, ule.