Shanga za Mama na Unga Mtupu

Baba aliuawa na wavamizi malishoni, upande wa Nadapal. Mama alikimbia kumfunika kwa mwili wake akapigwa risasi palepale juu yake. Mbuzi wote walichukuliwa. Mimi, binti yao mkubwa, nilikuwa darasa la sita. Sikurudi shuleni hata kuchukua daftari. Niliwashika mikono wadogo zangu wawili, msichana na kitindamimba wetu wa kiume, tukaja Kakuma.

Mbuzi wale waliondoka na maziwa yetu, na ile damu tuliyozoea kuitoa kwenye mshipa wa shingo ya mnyama na kuikoroga na maziwa. Sikuyafikiria hayo wakati ule. Nilifikiria bunduki.

Nikawa nachoma makaa na kuyapeleka kambini kwa wakimbizi. Mama mmoja wa Sudan Kusini alinilipa kwa unga wa mahindi wa mgao wake, nasi tukaishi kwa unga huo miaka nenda miaka rudi. Uji asubuhi, ugali jioni, chumvi ikipatikana. Hakuna aliyelala na njaa nyumbani mwangu, na kwa hilo nilitembea kifua mbele.

Mdogo wangu wa kike alivaa shanga za marehemu mama. Shangazi mmoja alizitoa kwenye mwili kabla ya maziko, akamvisha, ingawa wazee wengine walinung'unika kwamba za aliyekufa kwa risasi zilipaswa kuzikwa naye. Kwetu shanga za shingo hazivuliwi ovyo. Zikivuliwa, watu huuliza nani kafa.

Msichana alipoanza kupevuka, ngozi ya shingo yake ilianza kuwaka. Mwanzo ilikuwa nyekundu, kisha nyeusi, kisha ikapasuka na kubanduka, duara kamili kufuata shanga zilipokaa, na kipande kikishuka kifuani. Tumbo likamwendesha. Zahanati walimpa mafuta ya kupaka na dawa ya kuhara. Majirani, wao, hawakuhitaji zahanati. Walisema marehemu mama anamnyonga.

Halafu ikaja kichwani. Alisahau njia ya kisimani. Alilia bila sababu, akakaa siku nzima ameukazia macho ukuta. Asubuhi moja alichukua mchi akampiga nao kitindamimba wetu kichwani, kwa sababu, alisema, alikuwa amekaa juu ya baba. Mtoto alianguka na damu ikamwingia machoni. Nilimnyang'anya mchi kwa kumwangusha chini na kumkalia mgongoni, naye akaniuma mkono mpaka nyama ikaachana.

Habari zilifika Lopur, kwa baba mdogo. Alikuja na kamba. Kabla sijamkaribisha alizishika zile shanga kwa mikono miwili akazivuta mpaka nyuzi zikakatika, na ngozi ikatoka nazo. Mdogo wangu alipiga ukelele ambao bado naukumbuka. Baba mdogo akasubiri ugonjwa utoke. Haukutoka. Msichana alimrukia akamkwaruza jicho, naye akamchapa makofi mpaka akalala.

Alisema basi, atampeleka kwa mtu mmoja huko Lopur anayetibu wendawazimu kwa kuwafunga mtini na kuwapiga hadi pepo wachoke. Mtu huyo nilimjua. Binti wa jirani yetu alipelekwa kwake akitembea, akarudi juu ya punda, amefunikwa.

Nilisimama mlangoni nikamwambia msichana haendi. Nilisema nitampeleka hospitali Lodwar.

"Aliyeachia shule darasa la sita leo ndiye daktari," alisema baba mdogo. "Toka mlangoni."

Sikutoka. Alinipiga fimbo begani, ya pili sikioni. Nilimpiga kwa koleo la makaa kwenye mkono, nikasikia mfupa ukilia. Aliondoka akiushika, akiapa kurudi na wanaume.

Siku hiyohiyo nilimwachia jirani mtoto, nikampakia dada yake kwenye lori la mifugo, amefungwa mikono kwa leso yangu. Nilitaka kumfungua njiani, lakini alikuwa ameshamuuma mtu wa lori. Abiria walitutemea mate pembeni, kujikinga na pepo.

Lodwar walimfunga kitandani. Daktari, dada mmoja mwembamba, alimtazama muda mrefu bila kumgusa. Nilimweleza habari ya shanga, za nani na zilivyokatwa. Alisikiliza yote, hakucheka. Shanga humkwaruza mtu, alisema, na jua huchoma panapokwaruzwa. Kisha akaiinua mikono ya mdogo wangu kwenye mwanga.

"Na hapa alivaa shanga gani?"

Nilitazama. Mikono ilikuwa myeusi mpaka juu ya vifundo, imepasuka vilevile, kama amevaa glavu. Nilikuwa nikiiona kila siku, nikidhani ni makaa.

Akauliza tunakula nini. Nilijibu kwa fahari: unga, kila siku, hatukosi.

Alinieleza taratibu, kwa Kiswahili chepesi. Mwili unahitaji kundi la vitamini liitwalo B, na hauwezi kuziweka akiba kubwa, isipokuwa ile ya kumi na mbili. Moja hulinda moyo na neva, nyingine hujenga damu. Hiyo ya kumi na mbili hupatikana kwa wanyama tu: nyama, maziwa, samaki, mayai. Aliyoikosa mdogo wangu ni ya tatu, niasini. Mahindi yanayo, lakini imefungwa humo, na tumbo haliwezi kuifungua. Anayekula mahindi matupu huharibika ngozi, kisha tumbo, kisha akili. Asipotibiwa, hufa.

Nilimwuliza mbona mimi na mtoto hatukuugua. Alisema msichana alikuwa akikua haraka, na kuhara kulimwibia hata kile kidogo alichopata. Zamu yetu ilikuwa njiani.

Alimwandikia vidonge vya nikotinamidi, aina ya hiyo niasini, na juu yake vile vya mchanganyiko wa vitamini B. Akanionya nisimzidishie kwa tamaa ya kumponya upesi, kwa kuwa vikizidi huumiza ini.

Kummezesha kidonge kimoja kulikuwa vita. Nilimbana taya kwa mkono, goti likiwa kifuani mwake. Alinitemea, akanipiga kichwa mdomoni, jino likatoka. Nilimeza damu nikampa kingine. Wauguzi walitaka kunisaidia nikakataa, wasije wakamchukia.

Kabla wiki haijaisha, aliamka akanitazama kwa macho yake mwenyewe.

"Dada, nani kakupiga?"

Nikasema nilijigonga mlangoni.

Ngozi ilichukua muda zaidi, na vidonge tuliendelea navyo nyumbani mpaka daktari aliposema basi. Yule mama wa kambini nilimwomba anilipe unga nusu, nusu maharagwe na njugu. Alinung'unika kwamba makaa yangu yamekuwa na madaha, ila alinipa. Kwa wachuuzi nikanunua samaki wakavu wa Longech, kule ziwani, hata vichwa.

Baba mdogo alirudi na wanaume wawili na kamba ileile. Mdogo wangu alikuwa jikoni. Alitoka akijipangusa mikono, ngozi mpya ikiwa laini kama ya mtoto.

"Ejok, papaa," alisalimu kwa Kiturkana, hujambo baba. Akamwuliza kama mkono umepona, na kama atakunywa maji.

Baba mdogo alimkagua uso kwa muda. Alisema vizuri, kama amepona, kuna mtu Lopur mwenye mbuzi wengi anayetafuta mke.

"Siendi, papaa."

"Mnaona?" aliwaambia wenzake. "Bado hana akili."

Mmoja wao alicheka. Baba mdogo akainua fimbo, na kabla sijafika, mdogo wangu alikuwa ameishika upande wa pili. Baba mdogo alivuta, naye akavuta. Nilisimama kando yake na koleo langu. Wanaume wale wawili walikuwa wameambiwa wanakuja kufunga mwendawazimu. Walitutazama, wakatazamana, wakaanza kurudi barabarani. Baba mdogo alibaki akivuta peke yake, kisha akaiachia akawafuata.

Mdogo wangu aliivunja fimbo kwenye goti na kuisukuma motoni chini ya sufuria. Maharagwe yalikuwa bado magumu.