Ushuhuda Wangu wa Cherehani Haukuwa wa Kweli

Admin, jina langu libaki kwako, na la kanisa pia usiliandike. Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, naishi Barani hapa Malindi, nimeolewa na nina watoto watatu. Kazi yangu ni kushona sare za shule. Jumapili hii natakiwa kusimama mbele ya kanisa nitoe ushuhuda, na ushuhuda wenyewe ni uongo.

Miaka sita iliyopita mume wangu, ambaye ni mpishi, alikaa nyumbani karibu mwaka mzima baada ya hoteli aliyokuwa akifanyia kazi kufungwa. Mimi nilikuwa na cherehani mbili. Kanisani kukawa na wiki ya uwakili, tunafundishwa kwamba vyote tulivyo navyo ni vya Mungu, sisi tumeachiwa kuvitunza tu. Mchungaji wetu ni mtu mwema, tafadhali msimtukane. Alisema wazi, "Msimtolee Mungu kama watu mnaofanya naye biashara." Jumapili ile nikatoa cherehani moja, ikapelekwa kwenye chumba ambacho wasichana wanafundishwa kushona. Niliitoa kwa furaha kweli. Nisichosema ni kwamba jana yake, Jumamosi, mume wangu alikuwa amepigiwa simu kutoka hoteli moja ya Watamu, akaambiwa aanze kazi. Shemeji yangu ndiye aliyemwombea ile nafasi, tena zamani.

Baada ya wiki mbili niliitwa mbele nishukuru. Nilikusudia kusema asante nikae. Nilipotaja cherehani watu wakapiga vigelegele, na nilipotaja kazi ya mume wangu wakasimama. Maisha yangu yote sijawahi kusimamiwa na watu. Nikajisikia nasema, "Nilitoa Jumapili, na Jumatatu simu ikalia!"

Tulipofika nyumbani mume wangu akaniuliza, "Mama Neema, simu si ilikuja Jumamosi?"

Nikamjibu, "Sasa siku mbili zina nini? Kazi si umepata?"

Hakuuliza tena. Tangu hapo kila mwaka wiki ya uwakili ikifika, mimi ndiye ninayeitwa. Nimekisimulia kisa hicho Kilifi kwa akina mama, nimekisimulia hadi Mtwapa. Na kila mara naongeza kidogo. Siku hizi kuna watoto waliolala njaa ndani yake. Watoto wangu hawajawahi kulala njaa.

Sasa kuna dada mmoja tunaimba naye kwaya, nitamwita Sidi. Mumewe alimwacha na watoto wawili. Alikuwa na friza, akiuza barafu na juisi ya ukwaju, na maisha yakienda. Mwaka jana, baada ya kunisikia, aliitoa ile friza. Iliuzwa, yakanunuliwa mabati ya darasa la watoto. Yeye alikuwa ameomba kazi ya usafi katika ofisi fulani na alikuwa na hakika ataitwa. Hakuitwa. Sasa anafulia watu nguo.

Wiki iliyopita alikuja dukani kwangu, akakaa kwenye benchi. Akasema, "Da, nataka kukuuliza jambo, usinicheke. Wewe ulingoja siku ngapi?"

Nikasema, "Siku moja." Nilijibu haraka, kama mtu anayeulizwa jina lake.

Akasema, "Mimi sasa naingia mwezi wa kumi na moja. Basi ile friza niliitoa kwa shingo upande, na Mungu aliona. Jumapili naleta ng'ombe wa mama. Safari hii moyo wangu wote."

Ng'ombe huyo aliachiwa na marehemu mamake kule Ganze. Maziwa yake ndiyo yanayolipia watoto shule. Nami ninajua hayo yote. Mnajua nilimwambia nini? "Mungu akubariki." Kisha nikaendelea kushona kola.

Tangu siku hiyo sisikii kitu. Sijalia. Nakula, ila sijui nimekula nini. Nazungumza na wateja, nawapima watoto wao mabega, naandika vipimo, halafu nashangaa kwamba ni mimi niliyefanya hayo.

Jumatano nilikwenda kwa mchungaji nimwambie. Nilimkuta anapaka rangi viti vya kanisa. Akafuta mikono, akanikaribisha kwa furaha. "Mama, nilitaka kukuona! Mimi nikihubiri vijana wanasinzia, lakini wewe ukisimama na kile kisa chako wanaamka." Nikacheka naye. Nikamsalimu mkewe, nikarudi nyumbani.

Nilimwambia mume wangu habari ya ng'ombe. Aliniangalia, akasema, "Mimi nimenyamaza miaka sita, hilo ni kosa langu. Ukisema ukweli nitasimama nawe. Usiposema, Jumapili usinitafute kanisani."

Nikisema mbele ya watu, watadhani mchungaji ndiye aliyenifundisha uongo, na hajui lolote. Na Sidi nitamtazama vipi? Nilifikiri nimnunulie friza nyingine, nimpelekee kwa siri, asijue imetoka wapi. Kwa muda kidogo nilipata nafuu. Kisha nikajua atakachofanya akiiona mlangoni: atasema Mungu amejibu, naye atakwenda kusimama mbele ya kanisa atoe ushuhuda. Na hapo kuna mwingine atakayemsikiliza.

Msiniambie niombe, nimeomba. Nishaurini, ndugu zangu. Nianze na Sidi, nianze na mchungaji, au niseme mbele ya wote mara moja? Nijibuni kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo ndiyo Sidi anakwenda Ganze kumfungua ng'ombe.