Nta Juu ya Kidonda

Usaha nimeuzoea. Nimepasua watu Singida tangu sisi madaktari wa upasuaji tukiwa wa kuhesabika mkoa mzima, na harufu ya kidonda hainizuii kula. Wanaonitia kichefuchefu ni watu wazima wenye akili zao timamu.

Nilikwenda Mitundu kufundisha kina mama kujipima matiti. Mwenyekiti wa kijiji akaninong'oneza nisitaje titi mbele ya wazee, niseme kifua. Nikasema titi, kwa sauti. Wanaume wakainamisha vichwa kama watu waliofumaniwa. Utadhani wao walinyonyeshwa na ukuta.

Baada ya mkutano mama mmoja akanifuata nyuma ya ofisi ya kata. "Shikamoo daktari," akasema, ingawa tulikuwa rika moja. Nikampapasa. Uvimbe ulikuwa mgumu, mdogo kama punje ya karanga. Nikamwambia aje hospitali wiki ile ile tuutoe. Akiwahi, anaweza kupona kabisa. Akanishika mikono yote miwili.

Hakuja. Mumewe alikuwa porini huko Rungwa kwenye mizinga ya nyuki, na shemeji zake walikataa mke wa mtu apasuliwe titi mwenyewe akiwa hayupo. Nikapiga simu. Shemeji mkubwa akanijibu kwa upole kabisa, "Daktari, tusubiri mwenye mke arudi na asali." Mwenye mke, hebu sikia. Kama vile nilikuwa naulizia mbuzi. Niliendelea kupiga mpaka akaacha kupokea.

Walimleta miezi mingi baadaye, masika yakiisha. Titi lilikuwa limepasuka, na harufu ilikuwa inawafukuza wateja wa asali pale nyumbani, basi wakalifunika kwa nta, ile wanayopaka kwenye mizinga kuvutia nyuki. Eti walikuwa wanamstiri. Niliibandua polepole, nyama ikaja nayo. Mume alisimama mlangoni na dumu la asali, zawadi yangu. Nikamwambia atoke nalo. Sikumtukana, kwa sababu ningeanza nisingemaliza.

Saratani ilikuwa imeshafika kwapani na kwenye mapafu. Hapakuwa tena na cha kukata. Nikamsafisha, nikamfunga bandeji, nikamsaidia kuvaa gauni.

Akaniangalia usoni, amechangamka kuliko siku ile ya kwanza.

"Wamekubali sasa, daktari," akasema. "Unanipasua lini?"