Taa Ilisema Sensa, Mimi Nikasema Giaboksi

Hebu sogea karibu, msomaji, nikusimulie nilivyoumbuka wiki iliyopita gerejini kwangu, Michenzani.

Bi Salma alileta gari lake la otomatiki. Mshale wa spidi haukupanda, na gia zilibadilika kwa kishindo. Jioni ile gari hilo ndilo lingempeleka bintiye, bi harusi, hadi Mbweni.

Nikasoma kodi, yaani ishara ya hitilafu: taa ya dashibodi ilipepesa mara nne, ikatulia, ikapepesa mara mbili. Hiyo ni kodi ya sensa ya spidi, kijidude kinachoijulisha giaboksi mwendo wa gari. Lakini mimi, kwa ujuaji wangu, nikatangaza msiba.

"Pole, Bi Salma. Giaboksi imekufa. Tafuta gari jingine la harusi."

Machozi yakamlenga. Akainama kuchungulia chini ya gari.

"Fundi, na hichi kinachoning'inia?"

Ilikuwa plagi ya sensa. Nilikuwa nimeichomoa mwenyewe siku mbili kabla, nilipomzibia mvujo wa oili, nikasahau kuirudisha. Nikaichomeka, nikalijaribu gari: mshale ukapanda, gia zikabadilika laini.

"Kumbe ulitaka kuzika mzima, fundi!" akasema Bi Salma.

Gereji nzima ikaangua kicheko.

Wewe ukiiona kodi hiyo, kagua kwanza plagi na waya wa sensa, kisha ndipo uiguse giaboksi.