Siku masini ya Mama Scholastique ilifika tribinali

Scholastique Dhesi, binti ya Vital Lobo mupasua mbao. Yeye aliyekimbia vita ya Djugu na masini ya kushona kichwani na mutoto mugongoni. Yeye aliyevalisha shule tatu za mutaa wa Ngezi mashati nyeupe. Yeye ambaye hakuna mutu aliyewahi kumurudishia nguo kwa sababu ya mushono: ndiye huyo aliyeingia tribinali Alhamisi asubuhi, kitambaa kipya kichwani.

Masini yake ilikuwa pale mezani kwa greffier, mwandishi wa tribinali, imebandikwa karatasi ya namba. Mwizi alitoboa ukuta usiku, akaibeba; polisi waliikuta kwa Rodrigue, fundi wa kujenga. Greffier alishamuambia Mama wazi: mushitakiwa akikana, kesi itasogezwa mwezi kwa mwezi, na masini itabaki hapa kama ushahidi. Na Jumatatu shule zinafunguliwa! Watoto makumi ine wa mutaa wa Bigo wanangoja uniforme, hata kupimwa bado.

— Rodrigue, juge akauliza, ni weye ulitoboa nyumba ya huyu mama?

Rodrigue akaangalia viatu vyake.

— Hapana, Bwana Président. Hiyo masini niliuziwa na mupita njia.

Watu wakaguna. Scholastique akaona miezi inapangana mbele yake. Akasimama bila kuitwa.

— Bwana Président, munisamehe. Miye nilifika ya sita primaire tu, sheria siijui. Lakini ukuta wangu naujua. Mwizi wa kawaida anavunja, matofali inakuwa unga. Huyu alitoa tofali moja moja, akaipanga pembeni! Mwizi gani anafanya vile? Tena kupanga kwenyewe, ovyo! Mutoto wa primaire angemushinda.

— Ovyo? Rodrigue akaruka. Mama weye! Kona zote zilinyooka! Ile matofali ya nyumba yako nilichoma na mikono yangu, ningeivunja namna gani?

Chumba kizima kikapasuka na kicheko. Juge mwenyewe akajificha nyuma ya karatasi. Rodrigue akashika kichwa.

— Basi. Ni miye. Niliiba, nakubali, naomba musamaha.

Juge akaandika, akasoma pale pale:

— Umekubali kosa, na ni mara yako ya kwanza. Mwaka moja ya boloko, na sursis: leo unarudi kwako, lakini ukiiba tena, unaingia gerezani. Ukuta utaujenga bure. Masini irudishiwe mwenyewe sasa hivi.

Vigelegele! Ketsia, mukamwana wa Scholastique, alipiga mpaka sauti ikakauka. Pale mulangoni Mama akamugeukia Rodrigue:

— Fundi, ulipanga vizuri. Nilitaka tu useme.

— Mama, weye uko mubaya!

— Mubaya sana. Ketsia! Vigelegele imetosha. Kamata mètre, pita Bigo nyumba kwa nyumba, pima watoto wote mabega na kiuno. Na kila mumoja umuongezee vidole viwili, maana Noël ikifika watakuwa wamerefuka.